Barua ya wazi kwa Baraza la Madiwani: Ufunguo wa choo cha soko anao nani?

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri yetu, Waheshimiwa Madiwani wa kata zote, na Mkurugenzi Mtendaji.

Waheshimiwa,

Kwa walionizidi umri, shikamooni. Kwa wengine, ambao siku hizi ndio wengi, marahaba.

Nianze na kufuli. Ni kufuli la kawaida tu, la rangi ya shaba, lile linalouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Limening'inia kwenye mlango wa bati wa choo cha soko letu. Hufunguliwa saa mbili asubuhi, kijana wa mzabuni akishafika, akishapiga deki, akishaketi na boksi lake la chenji na karatasi za chooni alizozikunja nne nne. Kuingia ni shilingi 300. Saa kumi na mbili jioni anafunga, anaweka ufunguo mfukoni, anaondoka.

Soko lenyewe linaanza saa ngapi? Kila anayeishi huku ziwani anajua. Siku za giza mitumbwi ya dagaa inarudi kabla hakujapambazuka, na akina mama wanaonunua mwaloni saa kumi alfajiri wameshapanga beseni zao mchangani. Malori ya nyanya na vitunguu yanashusha saa kumi na moja. Mama lishe ameshawasha jiko, chai imeshachemka, vitumbua vinageuzwa. Yaani kwa saa nne mfululizo soko limejaa watu na choo kimefungwa. Na hao watu, Waheshimiwa, ni wanadamu.

Wanakwenda nyuma ya mashine ya kusaga. Wanaume wanasimama, wanawake wanashikiana kanga wakimkinga mwenzao. Nyuma ya mashine unapita mfereji. Juma lililopita niliufuata mfereji ule kwa miguu, maana mstaafu hana shughuli nyingi, na nilihesabu hatua. Unatoka nyuma ya mashine, unapita chini ya meza za nyanya, unapokea maji yenye damu kutoka kwenye bucha mbili, unajificha chini ya mbao walizoweka mafundi baiskeli, unaibukia ufukweni. Hatua 140. Pale unapoingia ziwani nilimkuta mtoto wa darasa la tatu au la nne hivi, na dumu la njano la lita 20. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo babu," kisha akausogeza ute wa juu ya maji kwa kiganja, kushoto, kulia, maji yalipoonekana safi akazamisha dumu lake.

Nilimuuliza maji ni ya nini. Akasema ya kuoshea vyombo kwa mama lishe. Sikumuuliza yupi.

Sasa nijitambulishe kwa msiojua ninayewaandikia. Nilikuwa bwana afya. Niliajiriwa mwaka 1985, nikastaafu 2022 nikiwa na miaka sitini, na kati ya miaka hiyo 37 mingi niliitumia katika halmashauri, baadhi yake ikiwa hii hii yenu. Mimi si mwanasiasa na sigombei kitu. Baadhi yenu nimewakagulia vyoo vya nyumbani mkiwa bado walimu au wafanyabiashara, na namkumbuka mmoja aliyenionyesha choo cha jirani akidai ni chake. Yaliyopita si ndwele.

Naandika kwa sababu kwenye kikao chenu cha robo ya mwaka iliyopita nilikaa viti vya nyuma, vile vya wananchi, nikasikiliza taarifa ya Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Upande wa afya ilisomwa kwa dakika chache. Zahanati mbili zimefikia hatua ya lenta. Nyumba ya mganga imepauliwa. Kituo cha afya kimepata mashine ya ultrasaundi. Watu wakapiga meza. Mimi pia nilijipiga mapaja kwa furaha, maana najua mama mjamzito anavyobebwa kwenye bodaboda kilomita nyingi. Lakini nilisubiri lisomwe neno choo, halikusomwa. Nikasubiri taka. Taka zikaja baadaye, kwenye taarifa ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, chini ya mapato. Ada ya taka imekusanywa kwa asilimia kadhaa ya lengo. Basi. Kwamba taka zilizolipiwa ziliondoka au zipo, hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo ninapotaka tuongee.

Kuna jambo la historia ambalo nadhani wengi wenu hamkuwahi kuambiwa kwenye semina elekezi. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali ilianza kuzifuta halmashauri, za wilaya kwanza, kisha za miji. Kazi zao zikahamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kupeleka madaraka karibu na wananchi. Kilichotokea mijini kila mtu wa rika langu anakikumbuka: taka hazikuzolewa, mashimo ya vyoo yalifurika, mabomba yakakauka, na hakukuwa na ofisi hata moja ambayo ungeweza kwenda ukasema hii kazi ni yako. Kipindupindu kiliingia nchini katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 kikalipuka kutoka Rufiji na kusambaa mikoani. Mwaka uliofuata, 1978, ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Waandishi wa historia ya serikali za mitaa, wakizitaja sababu za kuzirudisha, huutaja uchafu wa miji na kipindupindu hicho. Za wilaya zikafuata, kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi 1984.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, ukikaa kwenye kile kiti chenye mgongo mrefu, na joho lako na mkufu wako, jua kwamba miongoni mwa vilivyokirudisha kiti hicho ni vyoo vilivyofurika. Taka na maji machafu mmevigeuza kuwa ajenda ndogo ya kamati moja, mstari wa mapato kwenye kamati nyingine. Nchi ilikwishajaribu kuishi bila halmashauri, na mahali ilipoumia mapema kabisa ni hapo.

Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, lakini nakumbuka pia kitu kingine cha miaka ile ile, na hiki kilikuwa kizuri. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Baba yangu hakujua kusoma. Jioni aliketi na wenzake kumi na tano hivi chini ya mwembe wa balozi, redio ya mkulima juu ya kigoda, wakisikiliza Radio Tanzania, kisha mwenye kitabu anawasomea na wanajadiliana: malaria, safura, kichocho, kuhara, kifua kikuu. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kama hivyo. Na kila kipindi kiliishia kwenye kazi ya mikono. Baba alichimba choo. Alichimba mpaka tukawa tunamwona kofia tu. Choo kile tulikitumia miaka mingi, na ndicho kilichonifanya niipende kazi hii.

Sielezi haya ili kusema zamani kulikuwa kuzuri. Zamani watoto walikufa kwa surua kama kuku wa kideri. Nayasema kwa sababu ya swali moja: mzee asiyejua kusoma alichimba choo akaacha kujisaidia porini, leo mjukuu wake ana diploma, ana simu ya kisasa, ana biashara sokoni, na analazimika kujisaidia kwenye mfereji kwa sababu choo cha halmashauri kina kufuli.

Najua mtakachonijibu, kwa kuwa nimeshajibiwa. Maji si yetu, ni ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mifereji ya barabara si yetu, ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Vyakula navyo si vyetu, vilikwenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, wakati TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Nakiri, mna hoja. Tangu TARURA ianze mwaka 2017 na RUWASA mwaka 2019, ofisi ya halmashauri imepungukiwa kazi nyingi, na mwananchi mwenye shida moja ya maji machafu anaweza kuzungushwa ofisi tatu kutwa nzima na kurudi nyumbani na namba tatu za simu. Hata mimi niliyefanya kazi humo najichanganya.

Lakini tuhesabu kilichobaki. Soko ni lenu. Choo cha soko ni chenu, mzabuni amepewa na ninyi kwa mkataba mliousaini ninyi. Machinjio ni yenu. Taka ni zenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa, hakuna wa kusukumiwa. Sheria ndogo za usafi mnazitunga ninyi, Waziri wa TAMISEMI anaziridhia tu. Bwana afya wa kata ni mwajiriwa wenu. Na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa bwana afya huyo uwezo wa kuingia mahali, kukagua, kuandika notisi ya kuondoa kero, na asiposikilizwa, kumpeleka mhusika mahakamani. Mfereji wa hatua 140 unaanzia kwenye ardhi ya soko lenu. TARURA wanaanzia ng'ambo ya barabara.

Niwape siri ya ofisi. Mwaka mmoja, nikiwa bado kazini, niliandika notisi ya kero juu ya choo hicho hicho. Kwa utaratibu notisi hupelekwa kwa mmiliki. Mmiliki ni halmashauri. Nikaichapa vizuri, nikapiga muhuri, nikaipeleka kwa masjala kama barua nyingine. Siku ya tatu niliitwa. Sitasema na nani. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemshauri mdogo wake: "Bwana afya, likizo yako anasaini nani?" Notisi ikarudi kwenye faili langu, sijui kama ipo mpaka leo. Sijivunii kwamba niliishia hapo. Nilikuwa na watoto wawili sekondari.

Na hilo si baya kuliko yote. Baya zaidi ni lile tulilofanywa miaka ya mwisho, na wadogo zangu waliobaki kazini wanafanywa mpaka sasa: kugeuzwa watoza ushuru. Mtendaji ana lengo lake la makusanyo, mwezi unaelekea ukingoni, mashine za POS zinagawiwa, na bwana afya anapewa ya kwake. Kwa kuwa ana mamlaka ya kukagua, watu wanamwogopa, basi anakusanya vizuri. Nilishika mashine hiyo. Siku moja niliingia kwa mama mmoja anayeuza ubwabwa na maharage. Kibanda chake kilikuwa safi kuliko jikoni kwangu: maji ya kunawa ya moto yenye bomba dogo, vyombo kwenye kichanja, chakula kimefunikwa, jalala lake lina kifuniko. Kosa lake, kadi ya kupima afya ilikuwa imepitisha miezi sita kwa siku tisa. Nikampiga faini, elfu hamsini. Jirani yake alikuwa na nyama iliyonuka na nzi kama sherehe, lakini risiti zake zote zilikuwa za mwezi ule. Nikampita. Mashine haina mahali pa kuingiza harufu.

Yule mama alifunga biashara wiki mbili. Alipofungua tena, kila akiniona mimi au mwenzangu anazima jiko na kuondoka. Sasa mwambie mtu kama huyo akuletee taarifa kwamba mteja wake ameharisha mara sita tangu asubuhi. Ataileta kwa nani? Kipindupindu kikianza, taarifa ya saa chache za mwanzo ndiyo inayookoa watu, na anayekuwa nayo ni mama lishe, ni muuza duka la dawa, ni balozi. Tukiwafanya watukimbie, tunajipofua wenyewe.

Nimeishi kambini na ugonjwa huo, kwa hiyo mniruhusu nikae hapa kidogo. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilizunguka nchi mpaka 2018. Waliougua walizidi 30,000, waliofariki wakazidi 500. Kwetu tulifungua kambi kwenye madarasa mawili ya shule ya msingi. Vitanda vya turubai vimetobolewa katikati, ndoo chini ya tobo, ndoo nyingine kichwani pa mgonjwa kwa ajili ya matapishi. Harufu ya klorini inakaa kwenye nguo mwezi mzima. Usiku mmoja waliletwa wanne kwa guta, mmoja wao mchuuzi wa samaki, mtu wa miraba minne niliyekuwa nikimwona anabeba kreti peke yake. Macho yamezama, sauti imekauka, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyefua kutwa. Ukiifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Muuguzi alimwekea dripu mikono yote miwili. Kulipokucha alikuwa amekaa kitako anauliza simu yake iko wapi.

Mwenzake mmoja aliyeanza kuharisha saa sita mchana, akaona aibu kusema, akalala nyumbani mpaka usiku, hakufika.

Mnaona jinsi ulivyo. Kwa maji ya chumvi na sukari yanayonywewa mapema, na dripu kwa aliyezidiwa, katika wagonjwa mia hupaswi kumpoteza hata mmoja. Anayekufa anakufa kwa kuchelewa. Na anayeugua ameugua kwa sababu mavi ya mtu mwingine yamefika mdomoni mwake. Nisameheni kwa neno hilo, kwenye taarifa tunaandika "kinyesi", na nadhani ndiyo maana taarifa zenyewe hazimshtui mtu.

Kambi ile ilikula mafuta, posho, dripu, klorini, mahema, chakula cha watumishi. Fedha zilipatikana ndani ya siku mbili. Sijawahi kuona Baraza likibishana juu ya fedha za kambi. Hizo hizo zingelipa mshahara wa mlinzi wa choo wa usiku kwa miaka ambayo sitaki hata kuihesabu.

Mnakumbuka Desemba 9 ya mwaka ule wa 2015? Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, ikawa siku ya usafi, yeye mwenyewe akaonekana akizoa taka karibu na Ikulu na soko la samaki la Feri. Na hapa kwetu tulitoka. Mkuu wa wilaya alishika reki. Halmashauri ilinunua mafagio ya chelewa, mabuti, makoleo. Baadaye ikawekwa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yanafungwa mpaka saa nne. Kwa mwaka mmoja hivi tulijitahidi. Kisha ikawa maduka yanafungwa lakini hakuna anayefagia, watu wanakaa kwenye vibaraza wanasubiri saa nne ifike. Makoleo yale yapo stoo ya idara mpaka leo, nimeyaona, yana lebo za bei.

Ndoo za kunawia za wakati wa korona, mwaka 2020, nazo mnazijua zilikoishia. Ile ya lango kuu la soko koki ilivunjika, sasa muuza kuku anawekea utumbo. Mwaka 2023 homa ya Marburg ilipotokea Kagera tukazitafuta tena ndoo kwa haraka. Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kikaingia Simiyu, Shinyanga na Mwanza, tukazitafuta tena. Kijijini kwetu watoto wa shule wanatengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita tatu, kamba na kijiti cha kukanyagia, na kinadumu kuliko ndoo zetu zote za mradi. Labda kwa sababu wamekitengeneza wenyewe.

Nirudi kwenye taka kidogo, si sana, maana hilo linaonekana kwa macho na mnapita hapo kwa magari. Ghuba la taka lililo karibu na shule limejaa mpaka barabarani. Trekta hupita wiki ya kikao cha Baraza, au wiki ya ujio wa mgeni. Kila kaya inalipa ada kila mwezi na ina risiti. Watu wa Moshi hawana fedha za ajabu, wana sheria ndogo kama zenu, na mji wao umesifiwa kwa usafi miaka nenda rudi. Tofauti ni kwamba kule sheria hiyo inamkuta kila mtu, na aliyelipia taka anaona zinaondoka. Njombe nao, vijijini kabisa, wamejijengea jina kwa vyoo bora. Pelekeni madiwani watatu huko, kwa basi, wakalale nyumba za kawaida. Ziara za mafunzo mnazo kwenye bajeti.

Linalonikosesha usingizi zaidi ya taka ni vyoo vya mitaa ya bondeni. Mji wetu umekua, viwanja vimebanana, mashimo yamejaa. Gari la kunyonya majitaka hatuna, la kukodi linatoka mji wa jirani na bei yake ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Basi mwenye nyumba anasubiri masika. Mvua kubwa ikianza usiku, anatoboa tundu upande wa chini wa shimo, choo kinatapishwa, mvua inabeba. Asubuhi mtaa mzima unanuka na kila mtu anajifanya hajui. Wenye uwezo kidogo wanawaita vijana tunaowaita vyura: wanaingia shimoni na ndoo, wamelowesha mafuta ya taa puani, wanazika uchafu kwenye shimo lingine pembeni au wanaumwaga mferejini. Tunawamezesha watoto wa shule dawa za kichocho na minyoo kila mwaka, jambo jema, kisha wanakwenda kuogelea kwenye maji yale yale yaliyopokea choo kilichotapishwa. Konokono wa kichocho hajui ratiba ya kampeni.

Hapa nina pendekezo ambalo halihitaji mfadhili. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani mnayokopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne nne na mbili, imekwenda kwenye bodaboda na mashine za kufyatulia tofali mpaka soko la tofali limeanguka. Kopesheni kikundi kimoja cha vijana hao hao mnaowaita vyura. Wapeni pampu ya mkono, mapipa yenye vifuniko, guta, mabuti, glavu, chanjo, na kibali chenye picha. Watengeeni eneo la kumwaga lililochimbwa kitaalamu, mbali na ziwa. Kazi wanaifanya tayari, kwa kificho na kwa hatari.

Kuhusu choo cha soko sitaki kijengwe kipya. Kipo. Ninachotaka ni hiki: kifunguliwe saa kumi alfajiri, na mtu aliyelipa ushuru wa soko siku hiyo aingie kwa risiti ile ile, bila shilingi 300 nyingine. Mama wa dagaa anayeingia mara nne kwa siku analipa 1,200, ambayo ni faida ya mafungu kadhaa, ndiyo maana hata saa mbili ikifika bado anakwenda nyuma ya mashine. Mzabuni atalalamika mkataba. Mkataba unaisha Juni, na hata kabla ya hapo mnaweza kukaa naye mezani; halmashauri imfidie kwa sehemu ya ushuru. Mwanasheria wenu najua ataleta aya kumi za kukataa. Mwambieni alete ya kumi na moja ya kukubali.

Bwana afya mnyang'anyeni POS. Simaanishi apunguziwe lengo, namaanisha asiishike kabisa. Kila robo ya mwaka asimame mbele ya Baraza, yeye mwenyewe na si mkuu wa idara, asome: kwenye kata yangu nimekagua migahawa kadhaa, nimepima klorini kwenye magati haya ya maji, vyoo vya umma vinavyofanya kazi ni hivi na visivyofanya ni hivi. Kisha diwani wa kata hiyo aulizwe kama ni kweli. Na RUWASA na TARURA waalikwe siku hiyo, wakae viti vya mbele, tuache kuzungushana kwa simu.

Na ile notisi yangu, kama bado ipo kwenye faili, naomba ipelekwe kwa mmiliki. Tarehe mnaweza kubadilisha.

Jumanne ijayo ni siku ya gulio. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mlangoni pa choo cha soko, nimevaa koti langu jeupe la kazi ambalo bado linanitosha. Diwani yeyote anayetaka kuuona mfereji nitamtembeza, ni hatua 140, aje na mabuti. Akipitia kwa mzabuni akachukua ufunguo, nitashukuru zaidi.

Wenu,

Bwana afya mstaafu,
mkazi wa kata ya soko